Bologna, Chiusi, Volterra au Perugia: uende wapi kuona mitungi ya majivu ya Waetruski?

Nilianzia Volterra, nikakosea. Si kwamba Volterra ni pabaya. Makumbusho ya pale yana makasha ya majivu ya maiti zaidi ya 600, na mgeni asiyejua anatafuta nini hufika chumba cha tatu macho yamechoka, kichwani hana kitu ila wanaume walioegemea kiwiko na chini yao Wagiriki wanaouana. Nilitoka pale na neno moja tu mdomoni: hawa Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, waliwaiga Wagiriki mpaka kaburini. Safari ya pili nilianzia Chiusi, na kabla ya saa sita mchana neno hilo lilikuwa limeshanishinda kulitetea.

Kwa hiyo huu ni ulinganisho kwa ajili ya mtu mwenye siku moja au mbili za kuzunguka Italia ya kati, anayetaka kuona kwa macho yake Wagiriki walibadili nini katika maziko ya wenyeji na nini hawakukigusa. Miji minne inaigombea siku yako. Florence na Roma nitazigusa baadaye, maana vipande vingine vizuri vilihamishiwa huko zamani, na aliyeko London au Paris naye sitamwacha mikono mitupu.

Kwanza, kipimo

Wengi wetu ni watu wa kuzika. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, hurudishwa udongoni. Kuchoma tunakujua kwa majirani zetu Wahindu. Ni rahisi basi kudhani kwamba watu wa kale wa Italia nao walikuwa wakizika tu, hadi Wagiriki walipokuja na mioto ya mazishi ya mashujaa wao. Ilikuwa kinyume. Wagiriki kutoka Euboea waliweka makazi yao ya kwanza huko Magharibi, Pithekoussai, kisiwa ambacho leo kinaitwa Ischia, katikati ya karne ya 8 KK. Wakati huo watu wa Italia ya kati walikuwa wamekwisha kuchoma maiti zao kwa vizazi na vizazi, wanaokota mifupa iliyobaki, wanaitia mtungini na kuushusha mtungi katika shimo dogo. Moto ulikuwa wao.

Wagiriki walileta nini basi? Walileta divai na adabu zake, kitanda cha kulia chakula huku mtu amejinyoosha, vyombo vya udongo vyenye picha, alfabeti, na hekaya. Walileta pia mfano wa namna mkubwa anavyochomwa. Katika Iliadi, utenzi wa Wagiriki wa vita vya Troy, mifupa ya Hector, shujaa wa Troy, inatiwa kwenye kasha la dhahabu na kufunikwa vitambaa laini vya zambarau. Na huko Cumae, mji wa Wagiriki upande wa bara mkabala na Ischia, limefukuliwa kaburi la mtu tajiri ambaye mabaki yake yalitiwa katika chombo cha fedha. Wakubwa wa Kietruski waliyaona hayo na wakayatamani. Lakini kutamani kitu cha mwenzako si kugeuka kuwa mwenzako, na hapo ndipo utamu wa jambo lote hili ulipo.

Kumbuka mpaka mmoja kabla hujakata tiketi. Kusini, kwenye miji kama Cerveteri na Tarquinia, Waetruski wengi waligeukia kuzika mwili mzima, ndiyo maana huko utakuta vyumba vya kaburi na majeneza ya mawe. Kaskazini moto uliendelea karibu hadi mwisho wa taifa lao. Anayetaka mitungi na makasha ya majivu aelekee kaskazini. Tarquinia ni kwa picha za ukutani, nazo ni za ajabu, ila hiyo ni safari nyingine.

Bologna: kabla ya Mgiriki, na bidhaa zake

Mwaka 1853, Giovanni Gozzadini alianza kufukua makaburi kwenye kijiji cha Villanova, nje kidogo ya Bologna, na jina la kijiji hicho likawa jina la utamaduni mzima wa kuanzia karibu mwaka 900 hadi 700 KK. Ukiingia Makumbusho ya Akiolojia ya Jiji la Bologna, hatua chache kutoka Piazza Maggiore, unakutana na mitungi ya watu hao imepangwa safu kwa safu.

Umbo lake ukiliona mara moja hulisahau: kama vyungu viwili vilivyogeuziana midomo, kiuno kipana katikati, udongo mweusi au wa kahawia uliochorwa mistari na vijisanduku kwa ncha ya kijiti. Hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna hadithi. Mpini ni mmoja. Na mtungi uliofinyangwa na mipini miwili, mmoja mara nyingi ulivunjwa makusudi kabla ya kuzikwa, ili chombo cha mfu kisirudi kuwa chombo cha jikoni. Kifuniko ni bakuli lililofudikizwa. Kusini zaidi, juu ya mtungi wa mwanamume huwekwa chapeo ya vita, ya shaba kwa mwenye nacho, ya udongo kwa wengine. Mwanamke huzikwa na vizito vya kusokotea nyuzi na vibanio vya nguo. Upande wa Latium, eneo linalozunguka Roma, walipenda mtungi wenye umbo la kibanda, paa na kamlango, kwa hiyo marehemu alirudi nyumbani kwake.

Shika wazo hilo la chapeo juu ya mtungi. Tayari chombo kinaanza kuwa mtu: kina kichwa. Wala hapakuwa na Mgiriki hapo.

Upande wa pili wa Bologna ni makaburi ya Certosa, yaliyofukuliwa na Antonio Zannoni kuanzia 1869 wakati wa kazi kwenye makaburi ya jiji. Hapa tumeshafika karne za 6 na 5 KK, mji unaitwa Felsina, na vyombo vya Athens vinaingia kwa wingi. Baadhi ya mabakuli yale makubwa ya kuchanganyia divai na maji yaligeuzwa kuwa vyombo vya majivu. Mfinyanzi wa Athens alikuwa na karamu kichwani. Mnunuzi wa Felsina alikuwa na msiba. Lakini kitu kinachostahili dakika zako kumi hapa si cha Kigiriki kabisa: ni ndoo ya shaba iitwayo situla ya Certosa, ya karne ya 6 KK, iliyokuwa na majivu ndani. Imezungushiwa mikanda minne ya picha: askari wakiandamana, watu wamebeba vyombo na kuni na kumpeleka mnyama wa kafara, wapiga muziki wakiwa wameketi kwenye kiti kirefu, na chini kabisa wanyama. Fundi huyu hakuhitaji Achilles, shujaa wa Wagiriki, ili ajaze ndoo.

Uzuri wa Bologna: treni zote zinapita, makumbusho yako katikati ya mji, na mwanzo wa hadithi uko wazi kuliko popote. Upungufu wake: makasha yenye sanamu za marehemu na visa vya Kigiriki, yale uliyoyaona vitabuni, si huku. Mtu wa kupenda sura za watu atatoka na njaa.

Chiusi: mtungi unaota uso

Hapa nitakaa kidogo.

Katika karne ya 7 KK, mafundi wa Chiusi na vijiji vyake walianza kuufunga mtungi wa majivu kinyago cha shaba au cha udongo. Baadaye kinyago kikawa kichwa kizima, na kichwa kikawa kifuniko. Mipini ikageuka mikono. Masikio mengine yana matundu ya herini. Kisha mtungi mzima ukaketishwa kwenye kiti cha enzi cha udongo au cha shaba, chenye mgongo wa duara, kama vile mwenye nyumba ameketi akisubiri wageni wafike. Vitabu vinaiita mitungi ya "kanopo", jina lililoazimwa kutoka vyombo vya Misri vilivyowekewa matumbo ya maiti. Jina limekaa ingawa vitu hivyo viwili havina undugu.

Kuziona nyuso hizi kwa picha hakutoshi. Hazifanani, ila pia si za watu unaoweza kusema ungewatambua mtaani. Macho makubwa, midomo imefumba, kidevu mbele. Nilisimama mbele ya kimoja nikajikuta nimeshusha sauti, na chumba kizima nilikuwa peke yangu. Moto umemla mtu, umemwacha bila umbo. Jamaa zake wakamrudishia umbo kwa udongo. Hilo ndilo wazo la Chiusi, na ni la wenyewe.

Sasa tazama Mgiriki anavyoingia, polepole. Katika karne za 6 na 5 KK wachongaji wa Chiusi wanatumia jiwe la chokaa la pale pale, linalonuka likipasuliwa, ndiyo maana Waitalia huliita jiwe la kunuka. Wanachonga nakshi bapa kwenye makasha na kwenye mawe ya kaburi: wanawake wanaomboleza kitandani pa marehemu, wacheza ngoma, wapiga zumari, watu kwenye karamu. Mikono na mikunjo ya nguo imejifunza kwa Wagiriki. Shughuli yenyewe ni msiba wa Chiusi. Katikati ya karne ya 5 mtungi wenye kichwa unapata mrithi: sanamu nzima ya jiwe, mtu ameketi, ndani ina uwazi wa majivu. Iliyo maarufu kuliko zote ilitoka Chianciano, jirani hapo, ni mwanamke kwenye kiti cha enzi amempakata mtoto, na iko Florence. Uso wake mtulivu ungeweza kutoka karakana ya Kigiriki. Kazi yake ya kubeba majivu haikuwa ya Kigiriki hata kidogo.

Mwisho, karne ya 2 KK, unafika kwenye makasha madogo ya udongo yaliyotolewa kwa kalibu, moja kama jingine, kwa ajili ya watu wa kawaida. Visa viwili vinajirudia mpaka unacheka. Kimoja ni ndugu wawili wa Thebes, mji wa Wagiriki, Eteocles na Polynices, wanaouana. Cha pili ni mtu aliye nusu uchi anayepiga maadui kwa jembe. Wengi wamemwona kuwa ni Echetlus, shujaa ambaye Wagiriki walisimulia kwamba alitokea na jembe vitani Marathon, Waathene walipopigana na Waajemi, na wengine wanamwona kuwa ni mtu wa hekaya za Waetruski wenyewe. Juu ya kifuniko marehemu amelala kajifunika shuka, au ameegemea kiwiko. Rangi imebaki kwenye mengi: waridi, buluu, manjano. Jina limepakwa kwa brashi, kutoka kulia kwenda kushoto. Hapa kisa cha Kigiriki kimekwisha kuwa kama maua ya kitambaa cha khanga: mnunuzi analipenda, linafaa msibani, wala hajisumbui kuuliza limetoka wapi.

Kwa hiyo katika mji mmoja, makumbusho moja isiyo kubwa, unaona miaka 500 ya mtungi: unaota uso, unakaa, unalala, unapewa hadithi. Bologna haikupi hilo, wala Volterra.

Shida zake? Vitu vikubwa vilivyotoka ardhi ya Chiusi havipo Chiusi. Lile bakuli kubwa la divai liitwalo bakuli la François, kazi ya Ergotimos mfinyanzi na Kleitias mchoraji, karibu mwaka 570 KK, lilianza kufukuliwa karibu na Chiusi mwaka 1844 na sasa liko Florence. Lina michezo ya msiba wa Patroclus, rafiki wa Achilles, na kwenye mipini yake Ajax amebeba maiti ya Achilles, kwa hiyo mtu aliyelipeleka kaburini alijua anachofanya. (Mwaka 1900 mlinzi mmoja alilirushia kigoda, likawa vipande 638. Lilirudishwa kwa kuunganishwa. Ukiliona leo hutajua mpaka uambiwe.) Jeneza la bibi Seianti Hanunia Tlesnasa, lililofukuliwa 1886, liko London. Ila stesheni ya Chiusi-Chianciano Terme iko kwenye reli ya zamani ya Florence na Roma, mji wenyewe uko juu kilimani, na siku moja inatosha na kubaki.

Volterra: kama unapenda hadithi

Wafinyanzi wa Chiusi walikuwa na udongo na jiwe lao. Wachongaji wa Volterra walikuwa na alabasta, jiwe laini linalopitisha mwanga na linalokubali kisu kama sabuni. Mpaka leo mjini kuna karakana zake. Mwaka 1761 Mario Guarnacci aliwapa wananchi wa Volterra mkusanyiko wake wote, na makumbusho yenye jina lake ni miongoni mwa kongwe za umma Ulaya. Sehemu kubwa ya makasha yake ni ya karne ya 3 hadi ya 1 KK: sanduku lisilofika urefu wa mita moja, mbele limechongwa kisa, juu marehemu kajinyoosha kwenye karamu. Kichwa kikubwa, kifua kipana, miguu imefupishwa ili itoshe. Mwanamume ameshika bakuli la tambiko. Mwanamke ana feni, kioo au komamanga.

Ukitaka kuona Wagiriki wenyewe wakiwa kazini, hakuna penye wingi kama hapa. Odysseus amefungwa kwenye mlingoti, na wale Sirens, waimbaji wa baharini wanaowapoteza mabaharia, wamekaa mwambani kama mabibi waliovaa nguo, kila mmoja na ala yake. Pelops anashindana magari na Oenomaus. Helen anapandishwa merikebuni. Actaeon anararuliwa na mbwa wake. Ila usipite haraka mbele ya kasha lenye vita vya Thebes, pale Capaneus, mmoja wa washambuliaji, anapoanguka langoni: lango lile lina vichwa vitatu vya mawe, na vichwa hivyo vitatu unaweza kwenda kuviangalia mwenyewe, kwa miguu, kwenye lango la Porta all'Arco la Volterra. Mchongaji aliambiwa achonge Thebes ya Wagiriki. Akachonga lango la kwao.

Halafu angalia pembeni mwa visa. Anasimama jini wa kike mwenye mabawa na mwenge, Vanth, ambaye Wagiriki hawana. Na Charun, ambaye jina lake ni la yule Charon mvushaji wa Wagiriki, lakini mashua hana: ameshika nyundo. Na kwenye makasha mengine hakuna hekaya kabisa, bali marehemu anaondoka, juu ya farasi au ndani ya gari lenye turubai, na watu wake wanamuaga. Niliyapita hayo safari ya kwanza kwa sababu hayakuwa na "jina". Sasa ndiyo ninayoyatafuta kwanza.

Kifuniko cha wazee wawili, mke na mume wa udongo wa kuchoma, wamekunjamana nyuso na kutazamana kwa ukali, ndicho watu wanachokwenda kupiga picha, na wana haki. Wachongaji wengine wa Volterra walimpa kila marehemu uso wa heri. Huyu wa udongo hakumsamehe mtu hata kunyanzi moja.

Ubaya wa Volterra ni wingi, kama nilivyosema, na njia. Treni haipandi huko. Ni basi, na mabasi ya jioni usiyaamini bila kuyauliza. Usiende kama una saa tatu tu. Nenda ukiwa unaijua angalau nusu ya visa vya Troy na Thebes, au utaona mawe yanayopigana tu.

Perugia: wenyewe wakiwa kwao

Miji mitatu niliyotaja inakuonyesha vyombo ndani ya makabati. Perugia inakushusha kaburini. Karibu na stesheni ya Ponte San Giovanni, chini ya mji, kuna kaburi la familia ya Velimna, waliojulikana kwa Kilatini kama Volumnius, lililogunduliwa mwaka 1840 wakati wa kutengeneza barabara. Unateremka ngazi kali, baridi inakupokea, na unaingia nyumba: ukumbi, vyumba vya kando, dari iliyochongwa kama mapaa ya miti, kichwa cha Medusa, yule jini wa Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kinakutazama kutoka juu. Yote ni mwamba uliochimbwa. Chumba cha ndani kabisa kina makasha saba.

Arnth Velimna, mkuu wao, ameegemea kwenye kitanda chake cha karamu juu ya jukwaa refu, na chini yake wamekaa Vanth wawili pande mbili za mlango uliochorwa. Jamaa zake wanaume wameegemea vivyo hivyo. Mwanamke, Velia, ameketi. Hakuna Troy, hakuna Thebes. Kitanda, shada na mto ni vya Mgiriki. Lakini hii ni familia iliyokaa sebuleni.

Hapo ndipo lile la kuegemea linapoeleweka. Kwenye karamu ya Athens, mke wa mtu hakuwapo. Mwanamke aliyekuwapo alikuwa mpiga zumari au wa kukodiwa. Waetruski walichukua kitanda na kumwalika mke. Theopompus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 4 KK, alichukizwa sana na habari za wanawake wa Kietruski kula pamoja na wanaume, akaongeza chumvi kadiri alivyoweza. Velia wa Perugia ameketi, hakulala, lakini yuko mezani na jina lake limeandikwa.

Juu mlangoni, na kwenye makumbusho ya mji yaliyo katika nyumba ya zamani ya watawa ya San Domenico, kuna makasha mengine mengi kutoka makaburi ya eneo hilo, na hapa kuna kisa kimoja kinachopendwa kuliko Volterra: Iphigenia anachinjwa kafara na baba yake. Sijui mtu angemchagulia marehemu wake kisa hicho kwa moyo gani. Lakini Perugia walikichagua tena na tena.

Kaburi la Velimna ni dogo. Ukienda na kundi kubwa mtasukumana na hutaona kitu. Nenda asubuhi, siku ya kazi. Kwa mtu mwenye watoto au mwenye magoti mabaya, ngazi zile zifikirie kwanza.

Na Florence, Roma, London?

Florence ina yule mwanamke wa Chianciano, bakuli la François, na jeneza la udongo la rangi za kupendeza la Larthia Seianti. Bustanini limejengwa upya kaburi la familia ya Inghirami kutoka Volterra na makasha yake, lilifukuliwa 1861. Kama huwezi kutoka Florence, makumbusho yake ya akiolojia ni badala nzuri, ila uliza kwanza ni vyumba gani viko wazi na kama bustani inaingilika. Kinachokosekana ni mji wenyewe. Vitu vimesimama kama wageni waliokuja bila jamaa zao.

Roma, kwenye makumbusho ya Villa Giulia, kuna Jeneza la Wanandoa kutoka Cerveteri, la karibu 530 hadi 520 KK, lililounganishwa kutoka vipande kama 400. Mke na mume kitanda kimoja, mkono wa mume begani mwa mke, wanatabasamu kwa lile tabasamu la sanamu za Kigiriki za zama hizo. Pacha wake yuko Louvre, Paris. Tunaliita jeneza, ila hao wa Louvre hulieleza kama chombo cha majivu, kikubwa kupita kiasi. Kama una mchana mmoja tu Roma, usihangaike na treni ya kwenda popote. Nenda ukamtazame huyo mke.

Aliyeko London amwone Seianti. Amejilaza akiinua ushungi wake, kioo mkononi, ngozi laini. Mifupa yake ilipochunguzwa ikaonekana alikuwa amepita miaka 50. Naye alizikwa, hakuchomwa, ingawa ni mtu wa Chiusi. Mji ule haukuwahi kuwa na sheria moja.

Chaguo langu

Siku moja: Chiusi. Siku mbili: Chiusi, kisha Perugia, maana hazipo mbali na moja inaeleza nyingine. Volterra naiweka ya tatu, kwa shingo upande, nikijua mwenye mapenzi na hekaya za Kigiriki ataipanga ya kwanza na sitagombana naye. Bologna mpe mtu anayepita tu njia ya Milano au Venezia mwenye saa mbili kati ya treni. Mtungi mmoja wa Villanova aliouangalia vizuri utamsaidia miji yote mingine.

Ukifika Perugia na umeshashuka kwa Velimna, usitoke kabla hujalitafuta kasha la mwisho kuingizwa, lile lisilofanana na mengine. Ni la marumaru, umbo la nyumba, lina paa na mlango, kama vile vibanda vya udongo vya Latium vilivyotangulia kwa karne nyingi. Hakuna mtu aliyeegemea juu yake, wala Mgiriki mbele. Mwenyewe ameandikwa mara mbili. Kwa Kietruski, kutoka kulia: Pup Velimna. Kwa Kilatini, kutoka kushoto: Publius Volumnius Violens, mwana wa Aulus. Mrumi angeishia hapo. Yeye ameongeza, kwa Kilatini safi, jambo ambalo Waetruski hawakuacha kuandika na Warumi hawakuwa na kawaida nalo: aliyezaliwa na Cafatia.